Msichana wa Nywele za Dhahabu Katika Hadithi Zetu

Ukizisoma hadithi zetu sisi vijana, yupo msichana mmoja utakayekutana naye tu. Jina hubadilika, mara Suzi, mara Jeni, lakini kichwa ni kilekile: amezitia nywele blichi zikawa za dhahabu. Akishaingia ukurasa wa kwanza, msomaji anajua mwisho wake. Ataacha shule, ataponza mume wa watu, atarudi kwao mgonjwa. Nywele zimekwisha kumhukumu kabla hajafungua mdomo.

Nami sijitoi. Niliwahi kuandika hadithi ya namna hiyo, nikaiona kali kweli. Dada yangu akaisoma kwenye daftari, akanirudishia na kuniuliza: "Sasa mdogo wangu, si wewe uliyenishikia kioo?" Nikakosa la kusema. Kweli nilimshikia kioo, uani kwetu, Jumapili moja, na katika hadithi yangu hapakuwa na hata chembe ya niliyoyaona siku ile.

Niliona nini? Kwanza, nywele nyeusi haziruki mara moja kuwa dhahabu. Unga wa blichi huchanganywa na peroksaidi. Dawa inainua magamba ya unywele, inapenya ndani na kuivunja melanini, yaani ile rangi yenyewe. Weusi hugeuka kahawia yenye wekundu, kisha chungwa, ndipo ije njano. Dada alikataa peroksaidi ya asilimia 6, akataka ya 9 ili iwahi. Kichwa kikaanza kumchoma, machozi yakamtoka, akakimbilia bombani kabla ya muda. Akabaki na rangi ya chungwa. Alijitazama, akacheka, akanyamaza, akajifunga kanga kichwani. Kesho yake akaenda kazini bila kanga.

Hadithi si hiyo hapo, jamani? Pana tamaa, woga, ukaidi na kichekesho. Mimi nilichukua rangi tu, mengine yote nikayamwaga pamoja na maji.

Tena hata kwa fani tunajipunja. Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na zinazoota ni nyeusi. Mtunzi akisema weusi umeshuka vidole viwili kutoka kwenye ngozi, ametuambia kwamba miezi imepita na kwamba pesa ya blichi haijapatikana tena. Sisi tunaandika "siku zikapita", basi.

Wapo watakaonijibu: mbona Okot p'Bitek alifanya hivyo katika Wimbo wa Lawino, mwaka 1966? Si alimchamba Clementine kwa poda yake na midomo yake myekundu? Ndiyo, lakini anayechamba ni Lawino. Ni mke aliyewekwa kando, na mwenyewe hakatai kwamba wivu anao. Tunacheka naye, huku tukimpima na yeye. Sisi tumeuazima ulimi wa Lawino tukamwacha Lawino mwenyewe, na sasa matusi yote ni ya mtunzi.

Mtazame pia Toni Morrison katika The Bluest Eye, riwaya ya mwaka 1970. Pauline, mwanamke mweusi wa Marekani, ana mimba, anakwenda sinema akiwa amezitengeneza nywele zake kama za Jean Harlow, yule mwigizaji wa filamu ya Platinum Blonde ya mwaka 1931. Anatafuna peremende, jino la mbele linang'oka. Tangu siku hiyo anakata tamaa ya kujiremba. Morrison hamtukani hata kidogo, ila anatuachia swali: nani alimfundisha mama huyu kujiona mbaya? Jino lile moja linauma kuliko mahubiri yetu ya kurasa kumi.

Nisieleweke vibaya. Sikusema blichi isifiwe. Kwamba urembo wa kizungu umetukalia vichwani ni hoja ya kweli, na mtunzi ana haki ya kuichukia hali hiyo. Lakini amchukie nani? Msichana aliyeinama kwenye beseni, macho yakimwasha, ndiye mnyonge kuliko wote katika mkasa huu, na ndiye pekee tunayemchapa.

Linalonisumbua zaidi ni hili: mpaka leo sijui kwa nini dada aliitaka rangi ile. Nilishika kioo muda wote ule, kisha nikaandika kurasa 12 juu ya kichwa chake, na swali hilo sikumwuliza. Hadithi ambayo haijauliza itajibu nini?

Daftari sijalichana. Naianza upya, na safari hii namwuliza kwanza. Nanyi wenzangu, kabla hamjamtia msichana wa watu blichi kwenye karatasi, mshikieni kioo.