Dhahabu ya Kiganjo

Kakamega ilivuma miaka ya 1930 kwa dhahabu. Wazungu walimiminika na sururu zao, ukachimbwa mgodi wa Rosterman, na 1952 ukafungwa. Yakabaki mashimo.

Kiganjo, jirani na Nyeri, haikujaliwa dhahabu ya ardhini. Wengi wanaijua kwa chuo cha polisi. Mimi pongezi zangu nawapa watunzaji wa kituo cha kuzalisha trauti, kilichoanzishwa 1948 chini ya Mlima Kenya.

Trauti ni samaki mgeni. Ewart Grogan ndiye aliyemleta kutoka Uskoti, akamwachia katika mto Gura mwaka 1905. Kumzalisha kunataka mkono mwepesi. Jike hubinywa tumbo taratibu, mayai ya rangi ya dhahabu yakadondoka kwenye beseni, yakachanganywa na mbegu za dume. Kisha hutandazwa kwenye trei ambamo maji baridi hupita usiku na mchana. Kwa majuma kadhaa, yaliyokufa huokotwa moja moja ili ukungu usiyaambukize mengine. Maji yakikatika, kazi yote imekwenda na maji.

Kwa hiyo msitu ulio juu, unaoyalinda maji hayo, ndio mgodi wenyewe. Ukifyekwa, mto hupata joto na tope, na trauti havumilii.

Heko, watunzaji. Nawe msafiri, ukienda mlimani usiipite Kiganjo mbio: dhahabu yake ingali hai.