Saa ya Mita 30 Kwenye Maji ya Goti

Siku za bamvua, maji katika pwani ya Kilwa na Lindi hukauka mno kwenye saa nne asubuhi. Miamba ya Songo Songo hubaki wazi, na wachokoa pweza, wanawake kwa wanaume, husambaa juu yake wakiwahi kabla maji hayajaanza kujaa. Anayeinama kwenye tundu la pweza husahau muda upesi, kwa hiyo saa ya mkono hapo ni chombo cha kazi. Na hapo ndipo saa nyingi hufia. Mgongoni imeandikwa mita 30, maji yenyewe hayavuki goti, lakini jioni kioo kimetanda ukungu, na siku chache baadaye mishale imeganda.

Lawama humwendea muuzaji: kauza saa feki. Feki zipo tele, kweli. Lakini hata saa halisi hufa kifo hicho hicho, na ukitaka kujua kwa nini, anza na namba ile ilivyopatikana.

Hakuna mtu aliyezama nayo mita 30. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22810, kilichotolewa mwaka 2010, kinataka saa iwekwe ndani ya chombo chenye maji, presha ipandishwe katika dakika 1 hadi kiasi kilichoandikwa, ikae hapo dakika 10, kisha ishushwe. Kila mita 10 za maji huongeza karibu bar 1, kwa hiyo mita 30 maana yake ni bar 3. Saa inayopimwa ni mpya, imetulia tuli, na mpira wake wa kuzuia maji haujaonja jasho wala chumvi. Tena kiwango kinaruhusu kupima sampuli tu, si kila saa itokayo kiwandani.

Wapo wanaoeleza kwamba kinachoua saa ni kupunga mkono majini, eti presha huongezeka maradufu. Hesabu haikubali. Hata mkono ukipita majini kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, presha inayoongezeka ni kama ya kina cha mita 1.3. Mchokoa pweza hafiki huko.

Adui mkubwa ni joto. Kiwango hicho hicho kina jaribio la kuihamisha saa kutoka maji ya nyuzi 40 hadi 20, kisha kuirudisha 40. Saa iliyoachwa juani juu ya ubao wa ngalawa huweza kupita nyuzi hizo. Tuseme imefika 50. Hewa iliyomo ndani hutanuka, na kama mpira umechoka, kiasi fulani hupenya na kutoka. Mwenyewe anaivaa na kutumbukiza mkono kwenye maji ya nyuzi 28. Hewa iliyobaki inasinyaa, presha ya ndani inashuka kwa karibu asilimia 7, na hiyo ni sawa na kuizamisha saa sentimita 70 zaidi. Saa inavuta maji yenyewe, na tone moja linatosha kuimaliza.

Chumvi nayo ina kazi yake. Ikikaukia kwenye kitufe cha kurekebishia mishale huacha chembe ngumu, na kila kitufe kinapovutwa chembe hizo husaga mpira. Saa za wazamiaji, zenye kiwango cha ISO 6425, huanzia mita 100, hupimwa moja moja kwa asilimia 125 ya presha iliyoandikwa, na aina yake hujaribiwa kwa kulazwa saa 24 katika maji ya chumvi. Saa ya kawaida haidaiwi hilo.

Halafu kuna meza ya fundi. Chukua Casio F-91W, saa ya plastiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na inayojulikana karibu kila mji wa Tanzania: mgongo wake umeshikwa na skrubu nne, chini yake kuna mpira mwembamba kama uzi. Fundi hufungua, hubadilisha betri, huurudisha mpira ule ule uliokauka, pengine na chembe ya mchanga imenasa juu yake. Maandishi hayajafutika, lakini tangu dakika hiyo hayathibitishi chochote.

Basi betri inapobadilishwa, mwombe fundi aweke na mpira mpya, aupake grisi ya silikoni kidogo. Saa ikitoka baharini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kugusa kitufe chochote. Ukiwa na shaka, fanya jaribio linalofanywa maabara: ipashe saa moto hadi kama nyuzi 40, weka tone la maji ya baridi juu ya kioo, subiri dakika 1, kisha lifute. Ukiona ukungu upande wa ndani, maji yameshaingia. Mpelekee fundi siku hiyo hiyo.