Koki Iliyofichwa Darini

Watu wengi huihukumu nyumba kwa sura yake ya mbele. Mimi, baada ya wiki mbili za kupandisha ndoo, nimepata kipimo kingine: muulize mwenye nyumba koki ya kutolea hewa iko wapi, kisha mtazame usoni.

Naishi ghorofa ya juu kabisa katika jengo moja hapa Kariakoo. Tangi liko juu ya paa, na maji huteremka kwa uzito wake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia katika mgawo wa maji, tangi letu lilikauka. Maji yaliporudi lilijaa, lakini bomba la bafuni lilikohoa mara tatu likanyamaza. Mke wangu, ambaye magoti yake hayataki tena ngazi, akawa anaoga kwa kopo.

Fundi bomba alikuja, akafungua, akasikiliza. "Shikamoo Mwalimu. Hapa bomba limeshika hewa. Koki yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu.

Jambo lenyewe ni somo la darasa la saba. Tangi lililo mita 2 juu ya bomba la kuogea hulipa maji nguvu ya mita hizo 2 tu. Bomba likipanda kuvuka boriti kisha likashuka, hewa hunaswa katika mteremko ule. Hewa iliyosimama wima sentimeta 60 hula sentimeta 60 za nguvu ya maji. Vilima vitatu vya namna hiyo hula karibu nguvu yote. Hakuna kilichovunjika wala kutu iliyoziba. Dawa ni koki ndogo mahali palipo juu kuliko pote: ifungue, hewa itoke kwa mluzi, maji yakianza kuchuruzika uifunge.

Ipo njia nyingine, ya kuunga mpira kutoka bomba la chini na kuisukuma hewa irudi tangini kwa nguvu ya maji ya jiji. Lakini wakati wa mgawo nguvu hiyo haipo, na ndio wakati inapohitajika.

Koki yetu ilikuwepo. Ilikaa juu ya dari, nyuma ya boriti, mahali ambapo mkono unafika lakini spana haizunguki. Ilibidi dari ikatwe.

Hapo ndipo ninapoulaumu ujenzi wetu wa siku hizi. Katika zile nyumba za Kiswahili za Kariakoo ya zamani, zenye ukumbi katikati na uani nyuma, bomba lilipita juu ya ukuta waziwazi, na hata mtoto aliweza kuonyesha linapovuja. Na Beda Amuli, aliyesanifu Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, hakuona haya kuonyesha kazi ya paa lake: miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga maji ya mvua na kuacha hewa ya joto ipate pa kutokea. Uzuri wa paa lile ni kazi yake yenyewe. Maghorofa yetu yamejifunza kung'aa, lakini hayamfikirii mtu atakayekuja kuyatengeneza.

Sisemi mabomba yote yaning'inie nje. Jua huyala ya plastiki, na macho nayo yana haki yake. Nasema kila kilichofichwa kiachiwe mlango.

Lakini mkosoaji naye akaguliwe. Dari ile ilipowekwa, fundi alitaka kuacha kidirisha chini ya koki. Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia kitaharibu sura ya chumba. Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu-wanafunzi chuoni wasitoe alama kwa mwandiko mzuri huku hesabu yenyewe haionyeshi njia. Nyumbani kwangu nilifuta njia, nikabakiza mwandiko.

Sasa kidirisha kipo, cha ubao, hakilingani na dari. Wageni hukitazama na kuuliza. Mke wangu huwajibu kabla yangu: "Hicho ndicho cha Mwalimu cha kupumulia."