Husuni Kubwa Si Mahali pa Kuegemeza Baiskeli

Niseme mapema: kuingiza baiskeli ndani ya Husuni Kubwa, gofu la kasri la kale huko Kilwa Kisiwani, lilikuwa kosa, na kosa hilo ni la kiongozi wa msafara wa baiskeli uliotoka Nachingwea, si la vijana waliomfuata.

Kipande cha safari cha Nachingwea hadi Ruangwa kilikuwa sawa. Mwendo ulipangwa vizuri, upepo wa tairi ulipunguzwa kabla ya mchanga, na waliopata pancha walisubiriwa. Hapo sina neno. Ila kuondoka Nachingwea bila kusimama ilipopita reli ya ule mradi wa karanga wa enzi za ukoloni, iliyofungwa miaka ya 1960, wala Farm 17 walikofunzwa wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji, ni tabia ninayoilalamikia kila mwaka. Kwa wasafiri hawa, gofu lisilo na bahari nyuma yake halihesabiwi.

Sasa Kilwa Kisiwani. Kuvusha baiskeli kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kulikuwa na maana, kwa kuwa ngome ya Gereza na Husuni Kubwa viko mbali kimoja na kingine. Kwenye Msikiti Mkuu waliziacha nje, sawa. Kufika Husuni, kiongozi akaamuru waingie nazo hadi kwenye lile bwawa la pembe nane, wapate picha. Zikaegemezwa ukutani. Katika picha hiyo, pedeli ya chuma imekaa juu ya jiwe, usukani umebana ukuta, na chini yake pana unga mweupe uliomwagika.

Unga huo ni ukuta wenyewe. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kazi ya enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Chokaa ya umri huo ikikwaruzwa inaachia, maji ya mvua yanaingia kwenye ufa, kisha mizizi inafuata. Magofu ya Kilwa yalikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, na mafundi walitoka jasho kuyaondoa huko. Halafu mtu anaegemeza chuma chenye mizigo!

Chanzo chake kinajulikana: baiskeli zao hazina stendi, zimeondolewa ili ziwe nyepesi. Wazee wa Nachingwea waliosomba magunia ya korosho kwa baiskeli za Phoenix zisizo na gia wasingefika hapo. Phoenix ilikuwa na stendi ya miguu miwili kwenye gurudumu la nyuma, na mzigo ukizidi, mzee alichomeka kijiti cha panda chini ya keria. Ilisimama yenyewe katikati ya uwanja, bila kuomba ukuta wa mtu. Kwa adabu ya chombo, sijaona kiongozi wa leo anayewafikia.

Wewe unayeandaa msafara ujao, rudisha stendi. Ukishindwa, laza baiskeli nyasini nje ya kuta, upande wa mnyororo ukiwa juu, na watu wako waingie Husuni kwa miguu.