Bomu la Kigoma 1916: swali si kama lilipiga



Kila mara mazungumzo yetu yakifika kwa vita ya 1914 juu ya Ziwa Tanganyika, lazima mtu mmoja aseme: "Ah, ile ya African Queen!" Na hapo tunaishia. Film ni nzuri, sikatai. John Huston aliitoa 1951, Humphrey Bogart akapata Oscar, na sehemu yake ilipigwa huku kwetu Congo na kule Uganda. Lakini iangalie kama mtoto wa ziwa hili. Masuwa ya Wajerumani imepewa jina Louisa, na inazamishwa na kibwato kibovu chenye torpido za kujitengenezea. Ndege hamna. Wabelgiji hamna. Mcongomani mwenye jina na neno la kusema, hamna. Kitabu chenyewe cha C. S. Forester, cha 1935, hata ziwa kimelibadilisha jina. Donc film tunayoitaja kama historia yetu haina ziwa letu ndani.

Masuwa ya kweli iliitwa Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikawekwa ndani ya masanduku karibu 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa treni hadi Kigoma, na huko ikaunganishwa upya. Iliingia majini Februari 1915. Urefu wake ulikuwa kama metre 70. Kwa wakati ule hakuna kitu kwenye ziwa kilichofanana nayo. Na Kigoma haikuwa mahali pa kudharau. Reli ilikuwa imefika 1914, na kando yake tu kuko Ujiji, mji wa zamani wa misafara, wenye historia ndefu kuliko miji yetu mingi ya ng'ambo hii. Aliyekuwa na bandari ile alikuwa na ziwa. Upande wetu ulijua hilo mapema: Agosti 1914 masuwa ingine ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilikuja mpaka Lukuga (Kalemie ya leo) na kuiharibu Alexandre Delcommune ya Wabelgiji.

Kisha wanakuja Waingereza na mabwato yao mawili, Mimi na Toutou, chini ya Spicer-Simson. Giles Foden aliandika kitabu kizima juu yao, 2004. Kinachekesha, mi mwenyewe nilicheka. Wanaikamata Kingani Desemba 1915, wanaizamisha Hedwig Februari 1916, halafu Götzen inapotokea, Spicer-Simson anaiacha iende zake. Wasomaji wengi wanafunga kitabu na picha moja kichwani: mzungu wa ajabu aliyevaa kisketi.

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Wabelgiji walipata kwa Waingereza ndege nne aina ya Short, zile za kutua juu ya maji, za mbao na kitambaa. Walizifunga kwenye masanduku. Zikashuka Matadi, zikapanda treni, zikapanda mto Congo, tena treni, tena mto, mpaka kwa reli ya Kabalo-Kalemie iliyokuwa mpya kabisa. Waliziweka kwenye kiziwa cha Tungwe karibu na Mtoa, juu mawimbi ya ziwa kubwa yangezivunja. Mahali penyewe pako zaidi ya metre 770 juu ya bahari, hewa ya moto, ndege nzito: kuruka tu ilikuwa shida. Tarehe 10 Juni 1916, Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa, zaidi ya kilometre mia moja juu ya maji, wakaangusha mabomu kwenye bandari ya Kigoma, shabaha ikiwa Götzen. Wakarudi wazima. Kwa ushujaa wao sina ubishi. Behaeghe alikufa kwa ugonjwa Desemba ya mwaka uleule, huku Niemba.

Lilipiga au halikupiga? Wabelgiji walisema limepiga. Ukisoma hadithi za upande mwingine, masuwa haikuumia kwa maana. Wapenzi wa vita wanabishana hapo miaka na miaka, na naona sisi pia tunaingia kwenye ubishi huo kama wa mpira. Mi naona swali lenyewe ndilo bovu, juu linatufanya tuiangalie bandari kutoka juu tu, kwa macho ya waliokuwa ndani ya ndege.

Angalia Götzen yenyewe. Mzinga wake mkubwa ulikuwa wa milimetre 105, umetolewa kwa meli ya vita Königsberg, ile iliyoishia Rufiji 1915. Mwaka huo 1916 Wajerumani waliutoa ili utumike kwa vita ya nchi kavu, wakaweka mahali pake mzinga wa mbao. Wa mbao, kweli! Na mwisho wa masuwa haukutoka angani. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi, wakiwa wamepaka injini mafuta mengi ili isioze. Haikuoza: Waingereza waliiinua 1924, na toka 1927 inaitwa Liemba. Tarehe 28 Julai, siku mbili baadaye, Wabelgiji waliingia Kigoma.

Waliingia kwa njia gani? Kwa miguu. Na hapa ndipo nataka kila mtu wa Uvira asikilize. Brigade ya Olsen ilitoka upande huu, ilivuka Ruzizi. Juni 1916 ilipita Usumbura, yaani Bujumbura, ikapanda Kitega, ikashuka mpaka kukaribia reli. Reli ilipokuwa hatarini bandari haikuwa na maana tena, na masuwa haikuwa na mahali pa kukimbilia. Kigoma iliangushwa na watu waliotembea, na nyuma ya kila askari kulikuwa wapagazi. Kwa vita nzima, hesabu inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Congo ya Wabelgiji ni wapagazi karibu 260,000. Zile ndege nne tunazijua aina yake, rubani tunajua jina lake na tarehe ya kufa. Hao 260,000 wako ndani ya namba.

Mniruhusu niongee kidogo kama mtu wa agronomie. Chukua mpagazi anayebeba kilo 25 za unga. Kwa kazi ile anahitaji karibu kilo moja kwa siku. Akibeba chakula tupu, siku ya 25 mzigo wote umeisha tumboni mwake na hajamlisha askari hata mmoja. Akitakiwa pia kurudi nyumbani, mwisho wake ni siku ya 12. Toka Ruzizi mpaka Kigoma, tena kwa kuzunguka Kitega, hesabu hiyo haitoshi. Basi chakula kilitoka wapi? Kwa mashamba ya njiani, hakuna jibu lingine. Muhogo, maharage, ndizi za watu ambao hawakuwa na vita na mtu.

Tena angalia miezi. Kampeni ilianza Aprili, ikamaliza Tabora tarehe 19 Septemba. Kwetu Aprili saison B iko shambani, inataka palizi. Juni na Julai ni kuvuna na kukausha mbegu. Septemba ni kulima kwa saison A. Ukimtoa mwanaume nyumbani miezi hiyo, na mke wake akaitwa kutwanga unga wa jeshi, haupotezi mavuno ya mwaka mmoja tu. Unapoteza mbegu ya mwaka unaofuata. Njaa ya namna hiyo haipigi kelele kama bomu, na hakuna aliyeruka juu yake akaandika ripoti. Sijaona film inayoanza hapo, ingawa naona ndiyo film yenyewe.

Mtu ataniambia: lakini ulipuaji ule ulivunja moyo wa Wajerumani, ulikuwa na faida. Inawezekana. Kuona kitu kinakuja toka mawinguni mwaka 1916 lazima kulitisha. Na kulimtisha nani zaidi? Bandarini Kigoma hawakuwa wanajeshi peke yao. Kulikuwa wachukuzi, wavuvi, mama wauza samaki, mafundi wa reli. Katika masimulizi yote niliyosoma ya siku ile, namkuta rubani, namkuta kapiteni, naikuta masuwa. Mtu mwenye kapu la ndagala hayumo. Ndege ya mbao isiyo na chombo cha kulengea, bomu linaangushwa kwa kukisia, na bado tunaandika "shabaha" kama neno safi.

Sisi wa Uvira na plaine ya Ruzizi, baada ya mwaka wa 2025, hatuhitaji kufundishwa droni ni nini. Tumeshasoma matangazo ya kila upande: shabaha imefikiwa. Tunajua pia jinsi tunavyoyasoma, kwanza tunatafuta jina la quartier, halafu tunapiga simu. Nawaomba tuisome Kigoma ya 1916 kwa njia hiyohiyo. Mwanafunzi wetu akiandika mémoire juu ya vita ile, asitosheke na kurudia Spicer-Simson na kisketi chake, wala kupima kama bomu lilianguka metre ngapi toka kwa masuwa. Aende Luvungi, Sange, Kiliba, Makobola, aketi na wazee.

Na kama kwenu kuna babu wa babu aliyekwenda Tabora na mzigo kichwani, niandikie: kijiji alichotoka, alichobeba, mwaka aliorudi kama alirudi, na nani alilima shamba lake. Mi nitaanza na upande wa mama yangu.