Jua katika Chumba cha Buluu

Mtoto wa kike amekaa kitini, amewapa mgongo wamtazamao. Kichwa chenye nywele za rangi ya dhahabu kimeinama, mikono imo katika kazi ya kufuma kroshia. Kuta ni za buluu. Jua limepenya dirishani na kutua ukutani, limebeba kivuli cha fremu na cha mimea iliyopangwa dirishani. Zaidi ya hayo hakuna kisa. Ndiyo picha ya rangi za mafuta aliyoichora Anna Ancher mwaka 1891, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Skagen, Denmark.

Skagen ni mji wa wavuvi ulio kwenye ncha ya nchi kavu, mahali bahari mbili zinapokutana. Katika miaka ya 1870 na 1880 wachoraji waliumiminikia kwa kuufuata mwanga wa ufukwe wake. Miongoni mwao alikuwamo P.S. Krøyer, na Michael Ancher aliyesifika kwa picha za wavuvi. Katika kundi hilo ni Anna pekee aliyezaliwa na kulelewa hapo hapo. Alizaliwa mwaka 1859, binti wa wenye nyumba ya wageni. Bahari ilikuwa jirani yake. Lakini katika picha hii ameipa kisogo, akaingia chumbani kwa mama yake na kumchora bintiye, Helga.

Uamuzi huo una uzito. Anna alipokuwa akijifunza, Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha Copenhagen hakikupokea wanawake. Mlango haukufunguliwa hadi mwaka 1888. Alisoma katika shule ya binafsi ya mchoraji Vilhelm Kyhn. Husimuliwa kwamba alipoolewa na Michael, mwaka 1880, mwalimu huyo alimshauri avitose baharini vifaa vyake vya uchoraji, kwani sasa ana nyumba ya kutunza. Picha hii ni jibu lisilo na kelele: nyumba iliyodhaniwa kuwa ukomo wa usanii wake, ndiyo aliyoifanya mada.

Na mada hiyo inabebwa na mwanga. Buluu ya ukuta si moja: palipoguswa na jua inakaribia weupe, pasipoguswa inakolea. Rangi hiyo, ambayo wengi huihesabu kuwa ya baridi, hapa ina joto, kwa kuwa dhahabu ya nywele za mtoto inaitikiana na jua la ukutani kama kina na kina chenziwe.

Mpenzi wa ushairi atalitambua jambo hili. Jua la nje limetapakaa, halina umbo. Lilipopita dirishani ndipo lilipopata pembe na mipaka, likawa kitu cha kutazamwa. Ndivyo mizani inavyolifanyia wazo: huliminya, nalo likaonekana.

Mwenye kupenda kisa huenda akalalamika kwamba uso wa mtoto haumo, wala haijulikani kama ana furaha au amechoshwa na kazi. Lakini uso ungalionekana, jicho lingaliganda hapo, na ukuta ungalibaki kuwa ukuta tu.

Helga hakuinua kichwa. Jua lile lilikuwa la kitambo, lingehama ukutani kabla kazi yake haijaisha. Aliyeliona ni mama yake, ambaye hakuzitosa rangi zake baharini.