Umbali, mwendo na uhamo: Tafsiri inayompotosha mwanafunzi wa fizikia

Ipo sentensi moja iliyozoeleka mno katika madarasa ya fizikia. Mwalimu akishamaliza kufundisha kwa Kiingereza, ambayo ndiyo lugha ya somo hilo katika shule zetu za sekondari, huwaona wanafunzi wamemkodolea macho. Basi hugeukia Kiswahili ili kuwasaidia, akasema: "Distance ni umbali, na displacement ni umbali wenye mwelekeo." Nimeisikia sentensi hiyo Kericho, nimeisikia Bomet, na nimeisoma katika daftari za wanafunzi wengi. Ni fupi na inakaririka kwa urahisi. Makala haya yanaihakiki kwa sababu, licha ya nia njema ya wanaoitumia, inawapotosha wanafunzi.

Hebu tuipeleke shambani tuijaribu. Mchumaji wa majani chai anaanza kazi chini ya mteremko, kapu mgongoni. Anapanda mita 100 kuelekea kaskazini akifuata mstari wake, anavuka mita 1 upande wa mashariki hadi mstari wa pili, kisha anateremka mita 100 akichuma. Miguu yake imekwenda mita 201. Hata hivyo, ukipima kutoka alipoanzia hadi aliposimama sasa, utapata mita 1 tu kuelekea mashariki. Mita hiyo moja, pamoja na upande wake, ndiyo fizikia inayoiita displacement.

Sasa mpe swali hilo mwanafunzi aliyekariri kuwa jibu ni "umbali wenye mwelekeo." Kwanza atajumlisha njia yote apate mita 201, maana ameambiwa kuna umbali. Halafu atatafuta mwelekeo wa kuupachika. "Ni mita 201 mashariki, mwalimu!" Atakosa alama, na pengine ataambiwa kuwa fizikia haimfai. Lakini ametenda nini isipokuwa kuifuata tafsiri neno kwa neno? Aliyepotoka hapa ni mfasiri.

Chanzo cha tatizo ni neno "umbali" lenyewe. Limetokana na "mbali," na "mbali" haliendi popote. Tunasema nyumba iko mbali na barabara ilhali nyumba haijasogea wala barabara haijasogea. Katika Kiswahili cha kila siku, umbali ni nafasi iliyopo kati ya vitu viwili. Kile ambacho miguu au magurudumu yamepitia tuna neno lake jingine: mwendo, kutokana na kitenzi "-enda." Msafiri akifika amechoka husema, "Tumekwenda mwendo mrefu." Hasemi, "Tumekwenda umbali mrefu," isipokuwa awe ametoka kusoma tafsiri ya aina tunayoizungumzia.

Tazama barabara ya kutoka mjini Kericho hadi Bomet. Matatu inashika njia ya Litein, inaelekea kusini magharibi hadi Kaplong, kisha inageuka kuelekea mashariki ndipo ifike Bomet. Kwenye ramani, hata hivyo, Bomet iko karibu kusini kabisa mwa Kericho, na mstari mnyoofu kati ya miji hiyo haufiki kilomita 50. Ukimuuliza abiria mwendo, atakueleza kona, vilima na nauli. Ukimuuliza mwenye ramani umbali, ataweka rula. Wote wawili wamejibu sawasawa. Yaani lugha yetu tayari inatenganisha mambo haya mawili, na sisi walimu ndio tunaoyachanganya tunapoyabebesha yote neno moja.

Najua kuna atakayepinga kwamba "mwendo" nalo lina mzigo wake. Ni kweli. Mwendo unaweza kuwa kasi, kama dereva anapoambiwa apunguze mwendo. Unaweza pia kuwa tabia, kama kijana anapoonywa arekebishe mwendo wake. Vilevile "umbali" limekwisha kuota mizizi vitabuni kwa maana ya distance, na istilahi iliyoota mizizi haing'olewi kwa makala moja ya gazeti. Sidai ing'olewe. Ninachodai ni kwamba mwalimu anayelitumia aseme wazi kuwa anakusudia urefu wa njia iliyopitwa, kisha aache kabisa kueleza dhana ya pili kwa kutumia jina la dhana ya kwanza.

Dhana ya pili tuiite nani basi? Wapo wanaosema "uhamisho." Neno hilo lina kiambishi "-ish-" cha usababishi, kinachomaanisha kuna aliyehamisha na kuna aliyehamishwa. Mwalimu akipata uhamisho, kuna ofisi iliyomwandikia barua. Fizikia hapa haiulizi nani kasababisha. Inauliza tu ulikuwa wapi na sasa uko wapi. "Uhamiaji" nao una idara yake ya kugonga mihuri kwenye pasipoti. Mimi napendelea "uhamo," kutokana na kitenzi "hama" bila kiambishi cha usababishi. Maelezo yake yawe hivi: uhamo ni mstari mnyoofu kutoka pa kuanzia hadi pa kuishia, pamoja na upande unakoelekea. Neno "umbali" halimo, na mwanafunzi hana tena sababu ya kujumlisha mita 201.

Kwa maelezo hayo, hata lile linaloonekana kama kichekesho linaeleweka. Wilson Kiprugut, mwana wa Kericho, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, mjini Tokyo mwaka 1964. Mita 800 ni mizunguko miwili ya uwanja wa mita 400. Mwendo wake ulikuwa mita 800, na uhamo wake ulikuwa karibu sufuri, kwa sababu mbio hizo huishia karibu na zilipoanzia. Wanafunzi hucheka wakisikia hivyo, eti bingwa hakwenda popote! Wakishacheka, hawasahau.

Hata hivyo, sufuri hiyo inahitaji uangalifu inapotoka darasani. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa Walaibon, na mamia ya watu wa ukoo wa Talai waliondolewa katika nchi ya Wakipsigis wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi. Waliruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia. Kwa hesabu ya fizikia, aliyepelekwa Gwassi akarudishwa Kericho ana uhamo wa sufuri. Fizikia ina haki ya kuisahau njia, kwa kuwa ndivyo ilivyokusudia tangu mwanzo. Historia haina haki hiyo. Mwezi Agosti mwaka 2022, wawakilishi wa Wakipsigis na Watalai waliwasilisha kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Madai yao yanahusu kile ambacho sufuri hiyo inakifuta: ardhi waliyonyang'anywa na miaka waliyoishi mbali nayo.

Hapa ndipo kiambishi nilichokikataa darasani kinapostahili heshima yake. Mtangazaji au mwandishi anayesema Watalai "walihama" kwenda Gwassi amewaondolea wahusika lawama kwa kudondosha viambishi viwili tu. Hawakuhama. Walihamishwa. Kiambishi "-ish-" kinatuambia yupo aliyetenda, na "-w-" kinatuambia yupo aliyetendwa. Fizikia inataka "uhamo" usio na mtendaji, na historia inataka "kuhamishwa" kwenye mtendaji. Kitenzi "hama" kinaweza kutupatia yote mawili bila kukopa popote.

Kwa walimu wa fizikia, ushauri wangu ni mwepesi. Sentensi ya "umbali wenye mwelekeo" ifutwe ubaoni. Mwanafunzi aulizwe maswali mawili yaliyotengana: umepita njia ya urefu gani, na sasa uko upande gani wa ulipoanzia, kwa mita ngapi? Waandishi wa istilahi nao wayajaribu maneno yao kwa hesabu halisi kabla ya kuyachapisha. Istilahi inayomfanya mwanafunzi mtiifu apate jibu lisilo sahihi haijakamilika, hata ikipendeza masikioni namna gani.